Tulilipia safari ya kikundi kidogo ya ufundi wa nguo Japani, tukapewa ziara ya maduka katika wiki ya Obon

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini kila ninachokieleza hapa nina risiti yake, ratiba yake au ujumbe wake wa maandishi. Jina la kampuni ninalihifadhi kwa sasa kwa sababu dai langu bado liko mezani kwao. Walioshiriki safari hii wataitambua mara moja, na walioweka kianzio kwa ajili ya safari ijayo nao wataitambua.

Mimi ni mtengenezaji wa batiki, Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Bibi yangu alikuwa na doti ya kanga iliyochapishwa Japani, kutoka enzi ambazo viwanda vya huko vilichapisha kanga kwa ajili ya soko letu la pwani, na maandishi madogo yaliyokuwa pembezoni mwa pindo ndiyo yaliyonifanya, nikiwa mtoto, nianze kuuliza kuhusu nchi hiyo. Kwa hiyo nilipoona tangazo la safari ya siku kumi ya kujifunza ufundi wa nguo, kwa kikundi kisichozidi watu kumi, nilitoa akiba ya miaka mitatu. Nililipa dola 4,650, na tiketi ya ndege nikajinunulia mwenyewe.

Tangazo lilitaja sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa Arimatsu, mtaa wa Nagoya ulioanzishwa mwaka 1608 kando ya barabara kuu ya zamani ya Tokaido, ambako hadi leo watu huishi kwa kufunga vitambaa kwa uzi na kuvichovya rangi, kazi inayoitwa shibori. Ya pili ilikuwa Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, kwa ajili ya nili ya asili, yaani rangi ya buluu itokanayo na majani. Ya tatu ilikuwa Nishijin, mtaa wa wafumaji wa hariri mjini Kyoto. Katika kila sehemu tuliahidiwa kukaa karakanani na fundi, na Tokushima peke yake ilipangiwa siku mbili nzima.

Tulipokutana uwanja wa ndege tulikuwa watu 26. Nilimuuliza kiongozi wa msafara imekuwaje, akanijibu kwamba kikundi kikubwa ndicho kinachofanya bei iwe nafuu, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyepunguziwa bei. Naomba msomaji aelewe kwamba sikasirikii msongamano wa basi. Karakana nyingi za aina hii ziko ndani ya nyumba za watu, mapipa ya nili yamefukiwa sakafuni yakabaki midomo tu, na fundi anaweza kumsimamia mtu mmoja au wawili kwa wakati mmoja. Ukimpelekea watu 26, atakachoweza kukupa ni hotuba fupi mlangoni. Idadi ya watu ndiyo safari yenyewe, na aliyeibadilisha bila kutuambia ametuuzia kitu kingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lisilosameheka kwa kampuni inayojiita bingwa wa Japani. Tarehe walizochagua zilikuwa 9 hadi 18 Agosti. Katikati ya mwezi huo ni Obon, siku ambazo Wajapani hurudi makwao kuzikumbuka roho za wazazi wao waliotangulia, na karakana ndogondogo hufungwa. Tokushima, kwa siku hizohizo, kuna ngoma kubwa ya Awa Odori, kuanzia tarehe 12 hadi 15, ambayo huvutia wageni wengi mno kiasi kwamba vyumba hutafutwa miezi kadhaa kabla. Usiku wa tarehe 12, tukiwa Nagoya, tuliambiwa kwamba Tokushima imefutwa kwa kuwa hoteli zimejaa.

Sasa nieleze jambo lililoniumiza kuliko fedha. Sisi Watanzania tunahitaji viza ya Japani, na maombi yake huambatanishwa na ratiba ya kila siku inayoonyesha mahali utakapolala. Ratiba niliyoipeleka ubalozini, yenye saini yangu, ilikuwa na jina la hoteli ya Tokushima kwa usiku mbili. Baada ya kurudi niliiandikia hoteli hiyo nikajibiwa kwamba hawakuwahi kupokea nafasi yoyote kwa jina la kampuni wala kwa jina langu. Maana yake ni kwamba niliweka saini kwenye maelezo yasiyo ya kweli mbele ya serikali ya nchi nyingine, bila kujua. Nikiomba viza tena siku za mbele, nitasimama na rekodi hiyo.

Nilichopoteza Tokushima si matembezi. Huko majani ya mnili huvunwa, hukaushwa, kisha hurundikwa, humwagiwa maji na kugeuzwageuzwa kwa takriban siku 100, yakijipasha moto yenyewe mpaka yawe kitu kinachofanana na mboji, kiitwacho sukumo. Sukumo hiyo huchanganywa na maji ya majivu, chokaa, pumba na mara nyingine sake (pombe ya mchele), ikaachwa ichachuke, na fundi huangalia povu linalojikusanya juu ili ajue kama pipa liko hai. Sisi wa batiki huku tunatumia kostiki soda na haidrosalfaiti, na mikono yangu ina makovu ya kostiki ambayo binti yangu amekuwa akiyaona tangu akiwa mdogo. Nilitaka kujua jinsi ya kulitunza pipa lililo hai, linaloweza kutia rangi bila dawa hizo, na kama linaweza kustahimili joto la Dar es Salaam. Nilikuwa nimeandika maswali 31 kwenye daftari, na yote yamebaki bila majibu.

Badala ya siku hizo mbili tulipelekwa kwenye ukumbi mmoja karibu na Osaka. Kila mmoja alipewa leso ya mkononi, akaonyeshwa namna ya kuikunja kati ya vipande viwili vya mbao na kuifunga kwa mpira, kisha tukapanga foleni kuchovya. Zoezi zima lilichukua dakika 20. Nilipomuuliza dada aliyekuwa akisimamia kama rangi ile imetokana na sukumo, alinijibu kwa uaminifu kabisa kwamba ni ya kiwandani. Yeye simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba wageni wake wamelipia kitu tofauti.

Arimatsu tulikaa dakika 40, nazo zilijumuisha picha ya pamoja. Hata hivyo, kwa dakika chache nilisimama karibu na mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa mbele ya kistuli chenye ndoano. Alikuwa ananasa nukta ya kitambaa kwenye ndoano, anaizungushia uzi mara kadhaa, anaukaza mpaka unalia tik, kisha anahamia nukta inayofuata, bila kuangalia mkono wa kulia hata mara moja. Mkalimani alinieleza kwamba fundi wa huko kwa desturi hubobea katika mtindo mmoja wa kufunga, na kitambaa kimoja huweza kupita mikono kadhaa kabla hakijafika kwenye rangi. Yule mama alinionyesha kwa ishara nikae chini nijaribu. Wakati huohuo filimbi ya basi ikapigwa, kwa kuwa tulikuwa tunasubiriwa kwenye chakula cha mchana katika jengo lenye duka la zawadi. Niliinamisha kichwa kumwomba radhi, nikaondoka, na hadi leo ninaona haya.

Nishijin tulikuta milango imefungwa na matangazo ya likizo yamebandikwa. Nilikuwa nimesubiri kuwaona wafumaji wa tsuzure, kitambaa chenye picha zinazofumwa kwa mkono, ambao hunoa kucha zao zikawa kama meno ya msumeno ili wazibane nyuzi kwa vidole. Tulipewa saa tatu katika duka la ghorofa kadhaa. Siku ya tarehe 16 tuliambiwa kwamba mioto inayowashwa milimani Kyoto kuaga roho ni fidia ya yote tuliyoyakosa. Ni ibada nzuri ya wenyeji na niliitazama kwa heshima, lakini huonekana bure kutoka mitaa mingi ya mji, na kampuni haina haki ya kuihesabu kuwa huduma yake.

Nilipodai kurejeshewa fedha, nilijibiwa kwamba mkataba unaruhusu ratiba kubadilika kutokana na hali zisizotarajiwa, kisha nikapewa punguzo la asilimia 10 kwa safari nyingine. Obon iko kwenye kalenda kila mwaka. Ninadai dola 1,900 kwa sehemu ya Tokushima na Nishijin, pamoja na barua yenye muhuri inayokiri kwamba ratiba ya viza iliandaliwa na wao, nami niliisaini kwa nia njema.

Kwenu mliolipa kianzio cha safari ijayo: tarehe zilizotangazwa ni 28 Aprili hadi 7 Mei. Kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei Japani huwa na mfululizo wa sikukuu za taifa, na yaliyotupata yanaweza kuwapata na ninyi. Kabla ya kulipa awamu ya pili, dai maandishi kutoka kwa kila karakana yanayotaja siku, saa na idadi ya watu watakaopokelewa, na uiandikie hoteli mwenyewe kuhakikisha jina lako lipo.

Wenzangu wa safari ya Agosti, mliotoka Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na wale wawili wa Muscat, naomba mnitumie kwa ujumbe wa faragha nakala za risiti na ratiba mlizopewa kwa ajili ya viza. Nitaziwasilisha Tume ya Ushindani pamoja na zangu mwishoni mwa mwezi huu.