Alt, Fashanu au Latham: mkingaji yupi wa kujengea timu?

BabaZawadi: Wakuu, salaam. Drafti ya 2024 kule Detroit, pale timu za NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) zinapochagua vijana wapya kutoka vyuoni kwa zamu, ilitoa wakingaji wazuri wa pembeni, yaani yale majitu yanayosimama mwishoni mwa safu ya mbele ili kwotabeki, yule mrusha pasi, asiangushwe. Ninawafuatilia watatu: Joe Alt (timu ya Chargers, chaguo la 5), JC Latham (Titans, la 7) na Olu Fashanu (Jets, la 11). Ungekuwa kocha ungejenga timu na nani? Naomba sababu, si ushabiki wa jezi.

Chuma_cha_Pua: Latham, bila kusita. Kilo 155! Timu ikiamua kukimbia na mpira, akikutia mikono kifuani habari yako imekwisha.

MamaNeema_MN: Kaka Chuma, nguvu anazo, nakubali. Lakini kazi ngumu ya mkingaji iko miguuni. Anarudi kinyumenyume huku mtu mwepesi kuliko yeye anamzunguka kwa nje, na akichelewa nusu hatua tu kwotabeki yuko chini. Hapo Alt anawaacha wenzake. Mimi naishi Minnesota, huku alikokulia. Sekondari hakuwa mkingaji. Alikuwa mtu wa kukimbia na kudaka pasi. Chuo cha Notre Dame ndio waliomgeuza, na mwaka wake wa kwanza tu chuoni akawa anaanza upande wa kushoto. Jitu la zaidi ya mita 2 lenye miguu ya mdakaji utalipata wapi? Halafu baba yake, John Alt, alicheza nafasi hiyohiyo Kansas City Chiefs miaka 13. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kipanga_Nairobi: Kuna jambo hamjaligusa: kuhamishwa upande. Latham alikuwa wa kulia chuoni Alabama. Titans wakampeleka kushoto, na 2025 walipomsajili Dan Moore acheze kushoto wakamrudisha Latham kulia. Msidhani ni jambo dogo. Mguu uliokuwa ukitangulia sasa unabaki nyuma, mkono wa kusukuma unabadilika, na mwili mzima unajifunza upya. Mwambie fundi cherehani mzoefu akate kitambaa kwa mkono wa kushoto uone. Kwa hiyo kijana tusimhukumu mapema. Ila Alt naye aliyapitia hayohayo: alipelekwa kulia kwa sababu kushoto alikuwepo Rashawn Slater, akazoea. Agosti 2025 Slater akachanika kano ya goti, Alt akarudi kushoto, na mechi ya kwanza ya msimu kule São Paulo Chargers wakawafunga Chiefs 27–21.

Chuma_cha_Pua: Asante Kipanga, hilo la Titans linanipa moyo. Na kulia si upande wa kudharauliwa tena. Penei Sewell wa Lions alikuwa akicheza kulia 2024 aliposaini miaka 4 kwa dola milioni 112. Latham akiachwa atulie palepale, tutaongea lugha nyingine.

Mwana_Tanga: Mbona Fashanu mnamruka? Angeweza kuingia drafti 2023, watu walishamtaja raundi ya kwanza, lakini alirudi chuoni Penn State kumalizia masomo. Kijana wa namna hiyo namwamini. Pale Jets alimkuta Tyron Smith, mmoja wa wakingaji bora wa kizazi chake, akafanya naye mazoezi kila siku, na mkongwe alipoumia yeye akashika nafasi. Uanagenzi wa aina hiyo haununuliwi.

BabaZawadi: Mwana Tanga, hoja yako nimeielewa, na Fashanu amepanda kwangu leo. Dada MamaNeema, kifundo cha mguu cha Alt vipi? Aliumia Septemba 2025, akarudi, Novemba akaumia tena dhidi ya Titans. Upasuaji, msimu ukaishia hapo.

MamaNeema_MN: Kaka, siku ile nilizima televisheni. Kilo 146 zinasimamia vifundo viwili, na mkingaji kila mpira ukianzishwa anajisukuma kwa vidole vya miguu. Ndiyo hofu yangu pekee juu yake. Lakini ana miaka michache tu zaidi ya 20, na mkono, jicho na akili ya mchezo havikuumia. Nikimwona anarudi nyuma hatua tatu za kwanza bila kuchechemea, simbadilishi na yeyote kati ya hao wawili.

Kipanga_Nairobi: Na mimi nitaangalia hatua hizohizo tatu.