Ukoo wa Bi Mwanaidi 🌴

*JUMAMOSI*

Shangazi Rehema (Houston): Assalaam aleikum ukoo. Nimesema kwa mdomo hamkusikia, leo nasema kwa maandishi. Salma anaomba shule ya PA Aprili, CASPA, ile tovuti ya maombi, ikifunguliwa tu. Tunachanga. Wa nje dola 50, wa nyumbani shilingi elfu 50. Orodha naianza mwenyewe:
1. Rehema ✅
2.
3.

Shangazi Rehema: Naona tiki za bluu. Mmesoma, mmenyamaza.

Hamisi (Tanga): Waaleikum salaam shangazi. Mie nimesoma ila sijaelewa. PA si zile spika za harusini? Salma anafungua muziki? 😂

Shangazi Rehema: Hamisi usianze. PA ni physician assistant, kazi ya hospitali.

Fadhili (Minneapolis): Shangazi shikamoo. Ndiyo natoka kazini. Kabla ya mchango, GPA ya Salma, wastani wa alama zake za chuo, ni ngapi?

Shangazi Rehema: Marahaba. 2.6 kati ya 4. Si mbaya hivyo. Anarudia zile C zote, zinafutika, basi.

Fadhili: Hazifutiki shangazi, hapo ndipo penye kazi. Chuo chake kinaweza kushika alama mpya tu, lakini CASPA inahesabu zote mbili, C ya zamani na A mpya. Na wanataka matokeo ya kila chuo ulichopita, hata kama ulisoma kozi moja tu ya komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili.

Fadhili: Nimepiga hesabu. Ana krediti 120 kwa 2.6. Akisoma krediti 30 akapata A tupu, anafika 2.88. Aguse 3.0 anahitaji krediti 48, zote A. Kozi 16 hizo, za krediti tatu tatu. Na programu nyingi zimeweka 3.0 ndiyo kizingiti.

Hamisi: 16 si timu nzima na wa akiba watano 😂 Kwani Coastal wamefanyaje leo?

Ami Juma (Dar): Usiniulize habari za Coastal.

Hamisi: Pole ami 😂😂

Shangazi Rehema: JAMANI. Tuko kwenye masomo ya mtoto.

Fadhili: Njia ipo. GPA ya sayansi inahesabiwa peke yake, na kwa kuwa krediti zake ni chache inapanda upesi. Aliniambia ana kama krediti 40 za sayansi kwa 2.3. Akiongeza 20 za A anafika 2.87. Tena kuna programu zinazotazama krediti 60 za mwisho. Arudie ile D ya kemia ogani kwa sababu ni sharti. Zile C aziache zilipo, achukue masomo mapya ya juu: biokemia, jenetiki, fiziolojia.

Shangazi Rehema: Haya, achukue manne manne kila muhula, mambo yaishe. Niandike hivyo?

Mama Salma (Columbus): Wifi, huyu mtoto ni CNA, muuguzi msaidizi, wa usiku. Mchana analala. Manne atayasoma saa ngapi?

Shangazi Rehema: Aache kazi.

Fadhili: Asiache shangazi. Saa za kuhudumia wagonjwa nazo zinahesabiwa kwenye maombi. Kuna programu zinataka 1,000 na kuendelea.

Ami Juma: Mie nauliza jambo moja. Huyu mtoto alitoka hapa na divisheni wani. C zimetoka wapi? Starehe?

Mama Salma: Shemeji, hizo C ni za mwaka wa pili na wa tatu. Alikuwa anapiga zamu mbili. Pesa zilikokuwa zinakwenda, kayaulize mabati ya nyumba ya Mabawa.

Ami Juma: Habari ya mabati ilizungumzwa ikaisha.

Mama Salma: Kwako iliisha.

Hamisi: 🙊

Ami Juma: _Ujumbe huu umefutwa_

Mama Salma: Umefuta, nimeshausoma.

Shangazi Rehema: Msinivurugie orodha.
1. Rehema ✅
2. Fadhili
3. Mama Salma?
4. Juma?

*JUMAPILI*

Babu (Korogwe): Assalaam aleikum. Nimesoma yote tangu jana. PA ni nini.

Hamisi: Shikamoo babu

Mama Salma: Shikamoo baba

Fadhili: Shikamoo babu. Ni kama tabibu wa hapo nyumbani. Anapima, anaandika dawa, anafanya kazi pamoja na daktari. Ilianzia Chuo Kikuu cha Duke 1965, na wanafunzi wanne wa kwanza walikuwa wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la majini. Siku hizi ni shahada ya uzamili, kama miezi 27.

Babu: Marahaba. Basi ni kazi niliyostaafia mimi.

Babu: Dozi ya wiki hainywewi siku moja. Aprili hii asiombe. Asome mawili mawili, afanye kazi yake, alale. Mabati nilipokea mimi kwa mkono wangu. Deni ni langu, si la Juma. Mtu asimuulize tena huyo mtoto habari za C.

Ami Juma: Nimesikia baba.

Mama Salma: 🙏

Shangazi Rehema: Tumesikia baba. Ila programu nyingi huku zinachagua kadiri maombi yanavyoingia. Anayechelewa anakuta nafasi zimekwisha.

Babu: Ndiyo aombe mapema, mwaka atakaokuwa tayari.

Shangazi Rehema: Sawa baba. Basi mchango unakuwa wa ada, si wa maombi. Kiasi kile kile. Kikao Jumamosi saa mbili usiku.

Hamisi: Usiku wa huku au wa kwenu? Wa kwenu sisi tuko kwenye chai na mihogo.

Salma: Shikamooni nyote. Nilikuwa zamu, ndiyo naamka. Babu shikamoo, ahsante sana. Januari nimeshajiandikisha mikrobiolojia na takwimu komyuniti koleji, jioni mbili kwa wiki. Nimelipa mwenyewe. Biokemia hawana, hiyo mpaka chuo cha miaka minne. Kemia ogani naiogopa, sijaamua. Naomba msichange kwanza.

Shangazi Rehema: Umelipa kwa pesa gani?

Mama Salma: Wifi.

Shangazi Rehema: Nauliza tu. Na kuna watu wameshatuma, siwezi kurudisha.

Hamisi: Nani katuma?

Shangazi Rehema:
1. Rehema ✅
2. Fadhili (kasema Ijumaa)
3. Mama Salma?
4. Juma?
5. Hamisi (spika)

Fadhili: Salma, kemia ogani nipigie simu, tuizungumze nje ya hapa.

Salma: Sawa kaka. Jumanne sina zamu.

Zuhura (Muscat): Jamani niko kazini tangu jana, ndiyo nafungua simu. Nitume riali ngapi, na ni za Salma au za mabati?

Shangazi Rehema: Zuhura, soma juu.