Mjadala: Riwaya ya upelelezi ifundishwe sekondari au ibaki nje ya darasa?

Ndugu wachangiaji,

Swali lililo mbele yetu ni kama dhamira na mandhari ambazo wasomaji wa Kiswahili wamezipenda kwa hiari yao, yaani mauaji yenye fumbo, ujasusi, mapenzi ya hatari na jiji nyakati za usiku, zinastahili kuingia katika orodha ya riwaya zinazotahiniwa sekondari, au ziendelee kuitwa fasihi pendwa na kusomwa kwa kificho chini ya dawati. Waliochangia kabla yangu wametoa hoja tatu za kuzikataa: kwamba riwaya hizo zimeiga vitabu vya Kizungu, kwamba lugha yake ni nyepesi, na kwamba zinamdhalilisha mwanamke. Mimi nimo upande wa wanaotaka zifundishwe. Nitaanza na hoja ya uigaji, kwa sababu ndiyo inayorudiwa zaidi na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Umbo la hadithi ya upelelezi lilitoka nje, na hilo halina ubishi. Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, alikuwa ameshajulikana miaka mingi kabla Muhammed Said Abdulla wa Unguja hajamwumba mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake. Lakini tazameni mwandishi huyo alivyolitumia umbo hilo katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti ya mwenye shamba inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu huenda kuweka nadhiri na kutoa sadaka, mahali ambapo mtu hapiti hivi hivi bila kuchunga ulimi wake. Kwa kuuweka mwili huo pale, na si barabarani wala chumbani, mwandishi amekwisha kumfanya msomaji wa pwani ajiulize maswali ambayo msomaji wa London asingejiuliza: ni nani angethubutu kumwaga damu mahali kama hapo, je, watu watasema ni kazi ya binadamu au ya mizimu, na mpelelezi atasikilizwaje na watu ambao tayari wana maelezo yao wenyewe? Mandhari hiyo ukiitoa, hadithi inakufa. Sioni jinsi kitu cha namna hiyo kinavyoweza kuitwa nakala.

Hoja ya uigaji inazidi kudhoofika tunapofika kwenye ujasusi. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya kupigania uhuru kama FRELIMO cha Msumbiji na ANC cha Afrika Kusini vilikuwa na ofisi katika jiji hilo. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa njia ya posta, ndani yake mkiwa na kitabu, na bomu lililofichwa humo likamuua papo hapo, Dar es Salaam, si katika sinema. Hofu hiyo haikuisha: mwaka 1982 Ruth First, mpinzani wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, aliuawa mjini Maputo, naye pia kwa bomu la kifurushi. Basi Elvis Musiba alipoanza kuchapisha visa vya Willy Gamba mwaka 1974, na baadaye katika Kikosi cha Kisasi akampeleka mpelelezi huyo hadi Kinshasa kukabiliana na mawakala wa Makaburu, hakuwa akiazima hofu ya watu wengine. Alikuwa akiandika juu ya jambo ambalo msomaji wake aliliishi, kwa kuwa lilipita katika mitaa yake na katika posta ya jiji lake. Mwandishi Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango walifuata njia hiyo hiyo. Kijana wa leo anayefundishwa historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa orodha ya tarehe angeelewa hali ya wakati ule, wasiwasi wake na fahari yake, kwa undani zaidi iwapo mwalimu angemwekea mojawapo ya riwaya hizo kando ya kitabu cha historia.

Kuhusu lugha, jibu langu ni fupi. Wanaosema riwaya ya upelelezi ina Kiswahili chepesi hawajamsoma Abdulla kwa makini, kwa maana mazungumzo ya watu wake yamejaa Kiswahili cha Unguja chenye mafumbo, kejeli na adabu za kuzungumza na mkubwa, kiasi kwamba mwanafunzi wa bara atahitaji kamusi. Musiba anaandika kwa lugha ya moja kwa moja zaidi, nami naona hiyo si kasoro katika kisa kinachokwenda mbio.

Hoja ya tatu ni nzito, na sitaikwepa. Katika nyingi ya riwaya hizi mwanamke ni chambo: anaingia akiwa mrembo, anamlaghai shujaa au analaghaiwa naye, kisha anauawa au anasahauliwa. Wasichana watakaosoma kurasa hizo darasani wana haki ya kukasirika. Hata hivyo, vijana wanazisoma tayari, na wanazisoma peke yao, bila mtu wa kuwauliza kwa nini mhusika fulani wa kike hapewi hata aya moja ya mawazo yake mwenyewe. Darasa ndipo mahali pa kuuliza swali hilo. Tukumbuke pia kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kuanzia kisiwani Ukerewe, ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya jinsi ilivyozungumzia miili na mapenzi ya vijana, na baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Waliohofia kwamba ingewaharibu watoto walikuwa na nia njema, lakini kitabu hicho sasa ni miongoni mwa vile ambavyo mhakiki wa fasihi yetu hawezi kuviruka.

Ninachokiona katika haya yote ni kwamba tumegawanya vitabu mahali pasipostahili. Msomaji wa kawaida havutwi na lebo ya fasihi dhati, ile inayoheshimiwa na wahakiki, wala ya fasihi pendwa. Anavutwa na mahali anapoweza kupatambua na swali ambalo hawezi kulala bila kujua jibu lake. Kuli ya Adam Shafi inampata kwa sababu bandari ya Unguja na mgomo wa makuli wa mwaka 1948 vimeandikwa kwa namna inayomfanya msomaji ahisi uzito wa gunia begani. Siku Njema ya Ken Walibora ilipendwa sana Kenya, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mvuto wake ni ile safari ya kijana kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake, ambayo kwa hakika ni upelelezi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Nchi ya kubuni nayo ina mvuto wake, na sitaki nieleweke kwamba naidharau. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika mwaka 1951, chini ya utawala wa kikoloni, nchi iliyoning'inia angani ilimpa nafasi ya kusema juu ya sheria na haki mambo ambayo asingeweza kuyasema kwa kuitaja Tanganyika. Lakini kiangalieni kitabu chenyewe kilivyojengwa. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka sheria ifundishwe, anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia yaliyowapata wajumbe waliomtangulia, na msomaji anafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa sababu anataka kujua kama mtu huyo atahukumiwa kufa au ataachiliwa. Ni taharuki ya mahakama tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo wanaopinga nawaomba wanijibu jambo moja mahususi. Ikiwa kesi ya Karama inafaa kutahiniwa, na imetahiniwa kwa vizazi kadhaa, ni kigezo gani cha kifasihi, si cha heshima ya jina la mwandishi wala cha mazoea ya kamati za mitaala, kinachomzuia Bwana Msa kuingia katika darasa hilo hilo?