Premio ya mkononi, Premio kutoka Japani, au sedani mpya kabisa: milioni 25 ziende wapi?

Msafiri_Kondoa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina milioni 25, nimezikusanya kwa miaka minne na sitaki kuzikosea. Tuko watano nyumbani Morogoro: mimi, mke wangu na watoto watatu, wa mwisho bado anakaa kwenye kiti chake cha mtoto. Kila likizo tunakwenda Kondoa kwa mama, zaidi ya kilomita 400, na kipande cha mwisho ni vumbi na mawe. Mama anaumwa magoti. Gari la kupanda juu linamtesa, na lile la chini sana linamtesa wakati wa kuinuka. Tulimkalisha kwenye Premio ya jirani, akashuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Ndiyo maana nimeng'ang'ania sedani ya ukubwa huo.

Nina njia tatu. Kuna Premio umbo la zamani, namba C (herufi ya usajili), CC 1490, mwenyewe anataka milioni 11. Kuna Premio umbo jipya ya 2008, namba D, CC 1490 pia, milioni 21. Au niagize inayofanana nayo moja kwa moja Japani. Mke wangu naye anauliza kwa nini tusikope SACCOS tukachukua gari la kilomita sifuri, tukapumzika na mafundi. Naomba maoni ya mtu aliyewahi kulipia kwa mfuko wake.

Fundi_Shaurimoyo

Mkuu, kwanza tuelewane kuhusu gari lenyewe. Umbo la zamani ni T240, lilitoka mwishoni mwa 2001 hadi 2007. Umbo jipya ni T260, kuanzia Juni 2007 hadi Machi 2021, Toyota walipoacha kulitengeneza. Kwa hiyo Premio ya kilomita sifuri haipo tena duniani. Shemeji akisema gari jipya, ajue anazungumzia gari la jina jingine.

Ukipewa kadi, soma namba ya chesisi kabla hujaangalia rangi. NZT240 ni injini ya 1NZ, CC 1496, ndiyo hiyo unayoiita 1490. ZZT240 ni 1ZZ ya 1.8. AZT240 ni ile 2.0 ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo ikishazeeka inajaza masizi kwenye njia ya hewa na inachagua fundi. Usiende huko. Umbo jipya: NZT260 ni 1NZ ileile, ZRT260 ni 2ZR ya 1.8, ZRT261 ni ya 2.0.

Kwa maana hiyo hayo magari mawili uliyoyataja yana injini moja. Ya cheni, spea zake zimejaa Gerezani na Shaurimoyo, na hata fundi wa Kondoa anaifahamu. Tofauti kubwa iko kwenye gia boksi. T240 ya 1.5 ina gia boksi ya kawaida ya otomatiki, gia nne. T260 ina CVT, haina gia za kuhesabu, ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mimi ningechukua ya zamani na kubaki na milioni 14 mfukoni.

Na usiidharau Allion. Ni ndugu wa tumbo moja na Premio. Premio ilirithi Toyota Corona ya zamani, Allion ilirithi Carina. Chini ya bodi ni gari lilelile, na mara nyingi bei yake iko chini kidogo kwa sababu ya sura tu.

Tozo_na_Bandari

Nafanya kazi ya kutoa magari bandarini Dar, kwa hiyo nijibu hilo la kuagiza. Watu wanaangalia bei ya mtandaoni na kusahau umri. Chukua mfano wa gari la CC 1496 ambalo thamani yake mpaka linafika bandarini ni dola 4,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 1,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya CC 1000 hadi 2000 ni asilimia 5 ya jumla hiyo, yaani 250. Kisha VAT ya asilimia 18. Gari likiwa chini ya miaka minane umelipa kama dola 2,195, na tozo ndogondogo juu yake.

Sasa lifanye gari hilohilo liwe na zaidi ya miaka kumi. Linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, hapo dola 1,500, na VAT inahesabiwa juu ya hizo pia. Unafika karibu dola 3,965. Umelipa kodi sawa na bei ya gari! Lenye miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15. Premio ya 2008 au ya 2012, zote leo ziko kwenye asilimia 30.

Na TRA, watu wa mapato, hawatumii risiti yako. Wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, uko wazi mtandaoni. Ingiza mwaka, aina na CC uone mwenyewe kabla hujatuma hata senti. Ushauri wangu ni kwamba Premio ya 2008 usiiagize. Kama ni kuagiza, agiza yenye umri mdogo, na kwa milioni 25 hutaipata. Ile ya mkononi uchakavu wake ulishalipwa na mtu mwingine miaka iliyopita.

Dada_Mizania

Kaka Msafiri, mwambie wifi yangu wazo lake si baya, mimi nililifanya. Nilichukua sedani mpya kwa wakala, ndogo kuliko Premio, kwa mkopo wa miaka mitano. Kwa miaka mitatu sikujua fundi anakaa wapi. Waranti za magari mapya kwa kawaida ni miaka mitatu au kilomita 100,000, kinachotangulia. Watoto walikuwa wadogo, nilikuwa nasafiri nao peke yangu Arusha hadi Tanga, na ule utulivu wa kujua gari halitanilaza njiani siwezi kuutaja kwa shilingi.

Lakini hesabu ni hii. Benki au SACCOS itakutaka ukate bima kubwa muda wote wa mkopo. Kima cha gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani kwa mwaka, kabla ya VAT. Gari la milioni 70 ni milioni 2.45, ukiongeza VAT unakaribia milioni 2.9 kila mwaka. Kwa pesa hiyo mwenye Premio ya mkononi anabadili matairi yote manne na shokapu. Na waranti inakulazimisha sevisi kwa wakala; kutoka Morogoro utakuwa unapanga safari ya Dar kwa ajili ya oili. Nilipouza baada ya miaka mitano, hasara niliyopata kwenye bei ilikuwa kubwa kuliko matengenezo yote ambayo ningefanya kwenye gari la mkononi.

Kama marejesho ya mkopo yanagusa ada za watoto, acha.

Mzee_wa_Nakuru

Habari za huko, ndugu zangu. Hapa Kenya gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza haiingii kabisa, kwa hivyo Premio ya 2008 unayoiona barabarani imeshazeekea hapa hapa. Na bado bei yake haishuki ovyo. Mimi nina ZRT260 yenye namba za KCB, mwaka wa saba sasa mkononi mwangu.

Fundi, kwa heshima, sikubaliani na wewe kuhusu CVT. Yangu nimeibadilisha oili kila kilomita 40,000 na haijawahi kunisumbua, na napanda nayo milima ya Timboroa nikiwa nimejaza familia. Pia T240 changa kabisa ilitoka kiwandani 2007. Bushi, mipira, waya, pampu ya petroli, kila kitu kina umri huo. Injini inaweza kuwa nzima huku mengine yote yakikuomba pesa mwezi kwa mwezi.

Bwana Msafiri, usiangalie odomita. Angalia raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari inayosema kilomita 80,000 na pedali imelika hadi chuma, hiyo imerudishwa nyuma.

Mama_Ubungo_Riverside

Niongezee hapo kwenye CVT, maana nimelia nayo. T260 yangu ilikuwa nzima kabisa. Nikaipeleka gereji moja ya jirani kubadili oili ya gia boksi, wakaweka ATF ya kawaida, ile ya gari lenye gia. Sikujua, na wao hawakuuliza. Baada ya wiki tatu ikaanza kuvuma kama pangaboi, kisha ikawa unakanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini gari halitoki. Kununua gia boksi iliyotumika na kufunga kulinigharimu zaidi ya milioni mbili. Hiyo pesa ilikuwa ya bati za nyumba.

Muulize muuzaji swali moja: nani alibadili oili ya gia boksi, na aliweka nini? Akisema "hii haijawahi kuguswa" kama vile ni sifa, ogopa. Akisema fundi aliweka tu, ogopa zaidi.

Fundi_Shaurimoyo

Mama, pole sana. Hicho ndicho ninachokiona kila mwezi, na ndicho kinachonifanya niipendekeze ya zamani. CVT ya Toyota inatumia oili yake, imeandikwa CVT Fluid TC au FE kulingana na toleo. T240 ya gia nne inatumia ATF Type T-IV. Ukizichanganya umeua. Mzee wa Nakuru nakubali, ikitunzwa inadumu, nimeona zenye kilomita laki mbili na nusu. Tatizo letu ni kwamba gari la mkononi limepita mikono mitatu, na wa katikati hapatikani kumuuliza.

Msafiri, ukienda kukagua, fika asubuhi na mwambie mwenye gari asiliwashe. Shika boneti, liwe baridi. Washa usikilize cheni sekunde za kwanza. Kisha endesha nusu saa nzima mpaka lipate joto, maana CVT mbovu ikiwa baridi inaficha ubovu. Tafuta mlima, pakieni watu wanne, simama katikati ya mlima, ondoka taratibu. Ikitetemeka au ikisita, shukuru na urudi nyumbani. Inua zulia chini ya viti, pitisha mkono. Matope makavu au kutu kwenye reli za viti ni gari lililozama, na Dar yapo mengi baada ya mafuriko.

Mswahili_Muscat

Ndugu yangu, huku Oman kuna Camry za kila namna, kubwa kuliko Premio na bei nzuri. Nimewahi kufikiria kumpelekea kaka yangu Tanga. Umefikiria?

Tozo_na_Bandari

Kaka wa Muscat, Camry za Ghuba ni usukani wa kushoto. Kwenye barabara zetu za njia mbili, kulipita lori hapo Gairo inabidi utoe karibu gari zima ndiyo uone kinachokuja, na Msafiri anabeba watoto. Pia nyingi ni injini ya 2.5, na zaidi ya CC 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Simshauri.

Dada_Mizania

Jambo moja halijaguswa: mifuko ya hewa. Mifuko ya kampuni ya Takata iliitishwa duniani kote kwa sababu kile kinachoifumua kikizeeka kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na magari mengi ya Toyota yalikuwemo. Magari yetu yametoka Japani kwa watu binafsi, hakuna anayetupigia simu. Chukua namba ya chesisi uiangalie kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yaliyoitishwa. Ni dakika tano, na ni bure.

Msafiri_Kondoa

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Niliiona ile T240 ya milioni 11. Fundi, injini ilikuwa tamu kweli. Lakini chini ya zulia la nyuma kulikuwa na kutu kwenye reli za viti, na milango miwili ya kulia ilikuwa na rangi iliyopulizwa upya. Niliposema nataka kuangalia kwenye mfumo kama lina deni la trafiki, mwenyewe akaanza kuwa na haraka. Nikaondoka.

Ile namba D ya milioni 21 mwenyewe hakujua chochote kuhusu gia boksi. Nikaiacha pia, ingawa iliniuma, ilikuwa safi machoni.

Niliyochukua niliipata Dodoma, kwa mtumishi aliyestaafu. NZT260 ya 2008, mmiliki wa kwanza hapa nchini. Alikuwa na daftari la shule, ameandika kwa mkono kila oili, tarehe na kilomita, na oili ya CVT imebadilishwa mara mbili, kopo tupu bado analo stoo. Hata karatasi ya mnada ya Japani alikuwa ameitunza: daraja la 4, mikwaruzo miwili midogo (A1), hakuna W (bodi iliyonyooshwa) wala XX (kipande kilichobadilishwa). Tulikubaliana milioni 20.2. Tumepanda nayo mlima tukiwa watu wanne kama Fundi alivyosema, imetoka kimya. Chesisi nimeikagua, Dada, iko salama.

Nimebakiwa na kama milioni 4.8. Kubadili umiliki, bushi za mbele, matairi mawili, oili zote. Mke wangu amelishika lile daftari la mzee, anaendelea kuandika palepale alipoishia.

Swali la mwisho, Fundi. Ile njia ya mawe kwa mama, niweke bamba la chuma chini ya injini?

Fundi_Shaurimoyo

Weka, lakini lifungwe kwenye matundu ya boliti yaliyopo, wasichomelee. Waambie waache tundu chini ya sampo la kumwagia oili, na jingine upande wa CVT, na wasizibe upepo wa rejeta. Na ukiwa umejaza watu watano na mizigo, kipande hicho kiendee polepole, kwa sababu hata lenye bamba bado ni la chini.