MJADALA: Kompyuta za vituo vya umma Mtwara na Lindi, zihamie Ubuntu au zibaki na Windows?

Mbanguaji (mleta mada)

Habari za jioni wadau wa Kusini. Hii mada nimekaa nayo kifuani siku nyingi leo naitua, na naomba tujadili bila matusi maana najua ikifika habari ya Windows na Linux watu wanawaka kama Simba na Yanga.

Swali lenyewe ni hili. Kompyuta zilizonunuliwa kwa hela ya umma, zile za vituo vya vijana, vyuo vya ufundi, maktaba, kuanzia Mtwara mjini mpaka Newala, Lindi hadi Nachingwea, ziendelee na Windows au zihamishiwe Ubuntu, yaani aina ya Linux ya bure? Mi nasema zihame. Na kilichonifikisha hapo ni kamera.

Iko hivi. Tupo vijana watatu tunahangaika kutengeneza kitu cha kuhesabu na kutenga korosho zikiwa zinadondoka kutoka kwenye mkanda. Kamera ya kawaida tulijaribu, inapiga picha 30 kwa sekunde, korosho ikidondoka inaonekana kama mkia wa moshi tu huwezi jua ni nzima au imepasuka. Basi kuna mtu akatuazima kwa wiki mbili kamera ya matukio, Prophesee EVK4, kampuni ya Ufaransa ila sensa ndani ni IMX636 ya Sony, pikseli 1280 kwa 720. Hii haipigi picha kabisa. Kila pikseli inajitegemea, ikiona mwanga umebadilika pale ilipo inatoa taarifa yake yenyewe: nipo sehemu fulani, muda fulani, mwanga umepanda au umeshuka. Muda unahesabiwa kwa maikrosekunde. Kitu kisichotembea hakionekani, tuliweka korosho imetulia mbele yake skrini ikabaki tupu, mzee mmoja pale akatuambia wanangu mmepigwa hiyo mbovu. Akapitisha mkono mbele ya lenzi, mkono wote ukajichora kwa nukta nukta, akarudi nyuma hatua mbili.

Ila hapo kwenye nukta tumefika siku ya tano. Siku nne zote tulikuwa tunapigana na kuinstoli.

Pale kituoni (sikitaji) mashine zote ni Windows 10, tena ya kukraki. Paswedi ya adimini anayo mtu mmoja tu na yeye yupo msibani Masasi. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili kapatikana, tukaanza kushusha vitu. Tulikuwa tunatumia OpenEB, ile sehemu ya programu zao ambayo msimbo wake uko wazi, unaikompaili mwenyewe, yaani unageuza msimbo uwe programu. Sasa kwenye Windows inataka Visual Studio (programu nzito ya Microsoft ya kukompailia), halafu inataka vcpkg (kishushio cha maktaba za msimbo), halafu vcpkg nayo inaanza kukompaili maktaba zingine moja moja, OpenCV, Boost, masaa yanakwenda, bando linakatika, umeme nao ukasema na mimi nipo. Siku ya nne imekamilika, tunachomeka kamera, haionekani.

Mwenzetu akaleta laptopu yake ya Ubuntu 22.04. Zile maktaba, apt (kishushio cha programu cha Ubuntu) inazileta zikiwa tayari zimepikwa, kwahiyo kilichobaki kukompaili ni OpenEB peke yake. Akanakili faili la kanuni za udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa unavyochomeka) kwenye folda yake ili mtumiaji wa kawaida aruhusiwe kusoma kamera, akachomoa, akachomeka tena. Nukta zikaanza kucheza. Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Na kuna hili lingine ambalo hata asiyejua kamera linamgusa. Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia toka tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na hizi mashine zetu nyingi ni mtumba zimekuja zimeshachoka. Sasa tunanunua mpya zote, tunabaki na zilizokrakiwa zimejaa virusi, au tunahama? Karibuni.

Mwl_Chikongola

Mwanangu nakupongeza kwa korosho lakini hoja yako ina tundu. Kamera moja, tena ya kuazima, ndo ihamishe mikoa miwili?

Mimi nafundisha kompyuta mwaka wa tisa huu. Anayekuja kwangu ni binti kamaliza fomu foo anatafuta kazi ya ukarani, au kijana anataka kuandika hesabu za chama cha msingi kipindi cha mnada. Akienda kwenye usaili anawekewa Word na Excel, hakuna anayemuuliza udev. Nilishawahi kuweka LibreOffice, ile ya bure badala ya Word, barua ikitoka kwetu ikifika ofisi nyingine jedwali limehama, mihuri imekaa kwenye maandishi, nikaitwa kujieleza. Hao mia wanaojifunza Word wanahesabika wapi kwenye mjadala wako?

Bush_Nachingwea

Mwalimu umemaliza. Kwanza hii mada ni ya watu wa Dar wanaokuja na miradi yao 😂

Mbanguaji

Nipo Chikongola hapahapa kaka, mabibo ya kwetu yamenichafua mashati toka utotoni.

Pweza_wa_Lindi

Naomba kuuliza swali moja la kifundi kabla hatujahamisha mikoa. Hapo kituoni mlichomeka tundu gani la USB? La mbele au la nyuma? Jeusi au la bluu?

Nauliza kwasababu hiyo kamera ni ya USB 3, na tundu la USB 3 kwa kawaida ndo la bluu, data yake ni nyingi mno kitu kikianza kukimbia mbele yake. Pili, kwenye Windows ukikompaili OpenEB mwenyewe draiva haiji yenyewe, kuna kiprogramu kinaitwa wdi-simple unakiendesha kama adimini ndo kinaweka draiva ya WinUSB. Mlikiendesha? Kama hamkukiendesha basi Windows haina kosa, mmeruka hatua. Ni sawasawa na huyo mwenzenu angesahau udev, na Ubuntu ingemkatalia vilevile.

Na wale mnaowaza kuendesha Linux ndani ya Windows kwa WSL, jueni USB haipiti humo moja kwa moja, kuna usbipd ya kuivusha, na kwa kamera ya data nyingi hivi mi sishauri.

Mbanguaji

Pweza umenikamata. Leo nimepita pale nikaangalia, tulichomeka mbele, tundu jeusi. Na wdi-simple hatukuiona kabisa, tulisoma maelekezo kwa simu skrini imepasuka. Laptopu ya mwenzetu ina tundu la bluu. Kwahiyo ile siku ya nne naifuta kwenye mashtaka, kosa la kwetu.

Ila siku ya kwanza, ya pili na ya tatu siifuti. Paswedi ilikuwa Masasi na bando liliishia kwenye Visual Studio.

Dada_Shangani

Mnabishana kama kamera ya matukio ni hiyo moja tu. Hizi zimeanza zamani, jicho la silikoni la watafiti Misha Mahowald na Carver Mead pale Caltech, chuo cha Marekani, na ile kamera ya DVS128 ya watu wa Zurich, Uswisi, iliyoandikwa 2008 ilikuwa na pikseli 128 kwa 128 basi, na dunia ilijifunza nayo. Programu yao jAER ni ya Java, inaenda Windows, Linux na Mac. Kwahiyo ukisema kamera hizi zinalazimisha Ubuntu unadanganya kidogo.

Halafu jambo ambalo hamlisemi. Kujifunza hizi kitu huhitaji kamera! Unashusha faili lililorekodiwa, kwa Prophesee linaishia na raw, kwa iniVation, kampuni nyingine ya kamera hizi, ni aedat4, unalicheza kwenye mashine yoyote, hata hiyo yenye tundu jeusi. Wanafunzi ishirini wanaweza kutumia faili moja kwenye flashi, na kamera ikirudi kwa mwenyewe nyie bado mna kazi ya kufanya.

Mwl_Chikongola

Hapo dada umenigusa. Lakini nani anakaa na bando la kuinstoli mashine ishirini?

Pweza_wa_Lindi

Mwalimu hapo ndo Ubuntu inapomshinda Windows kweli, tena Mbanguaji hata hajakisema. Unashusha mara moja kwenye mashine moja kwa apt-get, vifurushi vyote vinabaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Unavibeba kwenye flashi, unaenda mashine ya pili yenye toleo lilelile la Ubuntu, unavipakia kwa amri ya dpkg, bando sifuri. Mei 2024 zile nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikawa ya kudonoa donoa, mimi niliendelea kuinstoli mashine za watu kwa flashi.

Bush_Nachingwea

Toleo likiwa tofauti?

Pweza_wa_Lindi

Utalia. Ndo maana zote ziwe 22.04 au zote 24.04, usichanganye.

Mbanguaji

Basi nibadili nilichosema mwanzo. Sisemi tena zote zihame. Kwenye mashine ishirini, kumi na mbili mwalimu abaki nazo na Word yake, ila ziwe na leseni halali. Nane ziwe Ubuntu toleo moja, za watu wa kamera, wa programu, wa umeme. Na hizo nane zichaguliwe zenye matundu ya bluu 😅

Mwl_Chikongola

Sita. Nane nyingi, kuna darasa la jioni.

Dada_Shangani

Sita au nane mtamalizana wenyewe. Paswedi ya adimini atakaa nayo nani?

Mbanguaji

Watu watatu. Na mmoja wao awe mwalimu, maana yeye msibani huwa haendi mbali, magoti.

Mwl_Chikongola

Magoti yangu yamefikaje kwenye mjadala wa Linux. Haya, Jumamosi saa nne nipo pale, njooni na flashi isiyo na virusi.