Naomba ushauri: namtafuta gang-gang misitu ya Canberra

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kutazama ndege, hasa mlioko Australia.

Naishi Canberra, karibu kabisa na Mlima Ainslie. Tangu nihamie hapa namtafuta kakatua (ndege wa jamii ya kasuku) aitwaye gang-gang: mwili wa kijivu, na dume ana kichwa chekundu chenye kishungi kilichotimka kama nywele zisizochanwa. Ndiye ndege wa nembo ya eneo hili la mji mkuu, na mwaka 2022 aliorodheshwa rasmi kuwa hatarini kutoweka. Kwa kweli inaniuma kuishi jirani naye bila kumwona.

Nimepanda mlima Jumamosi nne mfululizo, alfajiri, na darubini shingoni. Nakutana na kakatua weupe wa kishungi cha njano, ambao utawasikia kabla ya kuwaona, na galah tele, kakatua wenye kifua cha waridi na mgongo wa kijivu. Mara moja tu nilisikia ule mlio wake, kama bawaba kavu ya mlango. Nilipofika chini ya mkalitusi nikakuta vipande vya maganda ya mbegu vimetapakaa, ndege hayupo.

Maswali yangu ni mawili. Je, niendelee kusubiri kwenye mikalitusi ya mlimani, au ningoje majira ya baridi wanaposhuka kutoka milima ya juu na kuingia hadi kwenye bustani za mitaani? Na jike, ambaye hana kichwa chekundu, mnamtofautishaje na galah akiruka huku jua liko nyuma yake?

Natanguliza shukrani.