Naomba ushauri: nalala ndani ya gari milimani, kichwa kinanigonga
Wakuu, habari zenu. Naishi ndani ya gari nililoligeuza chumba: kitanda nyuma, jiko la gesi pembeni, baiskeli ya milimani imefungwa mlangoni. Wiki iliyopita nilipanda kutoka mita 600 hadi maegesho yaliyo mita 3,200 kwa siku moja, nikalala hapo hapo ili niwahi njia alfajiri. Saa nane usiku niliamka kichwa kinagonga, kichefuchefu, pumzi fupi kama nimetoka mbioni. Kulipokucha, hata kufunga kamba za viatu kulinichosha.

Najua huko juu oksijeni ni asilimia 21 ile ile, ila mgandamizo wa hewa umeshuka. Najua pia kwamba ukivuka mita 3,000 hushauriwi kupandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Shida ni kwamba mimi hulala palipo na maegesho, na mengi yako juu kabisa. Ninyi mnashuka kulala chini kila jioni, au mnapumzika siku ngapi katikati kabla ya kuanza kuendesha baiskeli?

Halafu breki za baiskeli. Kwenye mteremko mrefu mkono wa breki ulilegea hadi ukagusa usukani, na diski ikanuka kuungua. Nibadilishe pedi, au mafuta ya breki ndiyo yalichemka?

Na wenye hita, usiku mnaacha dirisha wazi kiasi gani? Kifaa cha kutambua gesi ya sumu ninacho, lakini bado naogopa.